Kabari Chini ya Mguu wa Nyuma

Kwa miaka kumi na mbili kazi yangu Guangzhou, China, ilikuwa kukagua viatu. Wateja wangu wako Dar es Salaam, wanaagiza kwa simu, na mimi ndiye jicho lao. Naingia ghalani kabla kontena halijafungwa, nafungua katoni niitakayo mimi, si ile anayonisogezea laoban, yaani bosi mwenye mzigo, natoa jozi moja na kuvisimamisha viatu mezani kisigino kwa kisigino. Kisha nachuchumaa mpaka macho yangu yawe sawa na meza. Kimoja kikimzidi mwenzake hata kwa unene wa ukucha, katoni nzima inarudi. Malaoban walinichukia na kuniheshimu kwa pamoja. Mmoja aliniambia, "Tanzania, wewe mgumu sana." Nikamwambia soli zake ndizo ngumu, mimi mlaini kama andazi. Hakuelewa, ila katoni alibadilisha.

Nayasema haya mapema ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyeharibu ubao wake wa kuteleza kwenye theluji kwa mikono yake mwenyewe.

La pili la kujua ni kwamba mguu wangu wa kulia ni mfupi kuliko wa kushoto. Nilianguka kwenye ngazi za shule nikiwa na miaka tisa, nikavunjika paja, na mfupa ukaunga vibaya. Tofauti ni kama upana wa kidole gumba. Wenzangu waliniigiza nilivyochechemea mwaka mzima, mstarini, uwanjani, mpaka mlangoni kwetu, hadi mama akanipeleka kwa fundi viatu aliyenishonea soli ya ngozi inayokaa ndani ya kiatu bila kuonekana. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniona nikichechemea. Nilijifunza kwenda polepole, bega limenyooka, na watu wakasema nina maringo. Nikaona bora maringo. Mume wangu anajua, asijue vipi, lakini katika miaka ishirini ya ndoa neno lenyewe hatukuwahi kulitaja. Tukipanda ngazi huhamia upande wangu wa kulia, basi, na mazungumzo yanaendelea kama kawaida.

Theluji niliiona kwa sababu ya mteja. Alikuja na mkewe kununua mzigo, na mke akasema harudi Dar bila kushika theluji. Nikamwambia dada, hii Guangzhou, hapa hata mwezi wa kwanza watu wanauza feni. Kumbe kaskazini mwa jiji, kule Huadu, kuna ukumbi mkubwa kuliko ghala lolote nililowahi kukagua, na ndani yake mna mlima wa theluji mwaka mzima. Tulipanda metro, nguo zimetugandia mgongoni kwa jasho, tukakodi makoti mazito, tukapita milango miwili, na pumzi yangu ikatoka puani kama moshi. Mke wa mteja alipiga kelele za furaha na kujitupa chini. Mimi nilibaki nimesimama. Nilikuwa nimemwona mtu mmoja juu ya mlima.

Alishuka amesimama juu ya ubao mwembamba mrefu, miguu yote miwili imeelekezwa mbele, mmoja nyuma ya mwenzake. Wengine wote walikuwa wanaburuza mbao zao kwa ubavu, theluji inaruka huku na huku, kelele kama za kukwangua ukoko wa sufuria. Yeye hakuwa na kelele. Alilala upande wa kulia mpaka kiganja chake kikagusa chini, akainuka, akalala upande wa kushoto, akainuka. Alipopita nilikwenda kutazama alama aliyoacha. Nilitegemea kuona njia pana iliyochimbuka. Nilikuta mstari. Mstari mmoja mwembamba kama uzi wa kushonea, umejipinda vizuri, hauna sehemu iliyofutika. Nikasema subhanallah kwa sauti, mke wa mteja akadhani nimeona nyoka.

Nilirudi wiki iliyofuata peke yangu, na iliyofuata, kwa miaka miwili. Nilianza na ubao wa kawaida na buti laini, hijabu chini ya kofia ngumu, suruali pana juu ya suruali. Nilianguka kila namna mtu anavyoweza kuanguka. Mume wangu, ambaye ofisi yake ya kusafirisha mizigo ilikuwa jengo la Tianxiu, mtaa wa Xiaobei, aliwatangazia majirani zake wote wa ghorofa ile kwamba mkewe ameingia friza kwa hiari yake. Nikamwambia afadhali friza kuliko kukaa Tianxiu kunywa chai na kusema watu.

Nilipoona nimekuwa imara nikanunua ubao mwembamba kama wa yule mtu. Ulikuwa wa mtumba, pamoja na buti zake ngumu za plastiki na vifungio viwili vya chuma vinavyoshika buti mbele na nyuma. Niliufikisha nyumbani, nikauweka mezani, nikafanya ninavyofanya siku zote: nikachuchumaa.

Havikuwa sawa! Kifungio cha mbele kilikuwa kimeinuliwa upande wa vidole kwa kipande cha plastiki chenye umbo la kabari. Cha nyuma kilikuwa kimeinuliwa kisigino, kwa kabari nene zaidi, na juu ya hiyo kulikuwa na nyingine nyembamba iliyokiinamisha kwa ubavu. Nilicheka kwa hasira. Miaka yote hii nawakamata wauzaji wa viatu, leo nimeuziwa jozi isiyo jozi. Nikachukua bisibisi, nikang'oa kabari zote, nikaviweka vifungio vyote viwili bapa, kwa pembe moja, kwa kipimo kimoja. Nilipochuchumaa mara ya pili vilikuwa sawasawa kama pacha. Nikaridhika na roho yangu. Zile kabari nilizitia kwenye mfuko wa takataka.

Kutoka siku hiyo sikukata kona hata moja iliyo safi. Nikipinda kulia, upande wa vidole, ubao ulinisikiliza kidogo. Nikipinda kushoto, upande wa visigino, mkia ulikimbia, ukaburuza, na goti langu la kulia likajipinda kwa ndani kama mlango uliochomoka bawaba. Niliangalia alama zangu chini: mstari, mstari, kisha ufagio. Kila mara ufagio. Nikaulaumu mwili. Nikalaumu umri, mguu, mfupa, ngazi za shule. Nilifanya mazoezi ya mapaja nyumbani mpaka mume wangu akauliza kama ninajiandaa kwenda jeshini. Goti likazidi kuvimba.

Halafu ikaja habari ya kurudi nyumbani. Watoto wetu walikuwa wanasoma Dar, wanalelewa na mama yangu, na mama alikuwa amechoka. Mume wangu alifunga ofisi, tukagawa vyombo, tukakata tiketi ya Alhamisi. Nilikubali kwa moyo mmoja. Niliwataka wanangu. Lakini usiku ule wa kufunga mabegi nilimwambia ukweli, kwamba kuna kitu kimoja ninakiacha bila kukipata, na kwamba Dar hakuna mlima wa theluji wa kwenda kukitafutia.

"Kitu gani?" akauliza.

"Kona mbili. Moja kulia, moja kushoto, zisizoburuza."

Alinitazama kama mtu anayesubiri mwisho wa mzaha. Alipoona haupo akasema, "Basi Jumatatu twende wote. Lakini mama watoto, goti likigoma usiniambie nikubebe. Kilo zetu za ndege zimeshajaa."

Jumatatu asubuhi, kabla ya kupanda, nilipita karakana ya ukumbi kunoa makali ya ubao. Fundi pale ni mzee wa Kikantoni, mtu mkavu, aliyewahi kurekebisha cherehani kiwandani kabla ya kustaafu. Kila mtu humwita shifu, ndivyo wanavyomwita fundi aliyeiva. Alichukua ubao wangu, akausimamisha ukingoni, akaviangalia vifungio. Hakugusa jiwe la kunolea.

"Nani amefunga hivi?"

"Mimi," nikasema, na sauti yangu ilikuwa na fahari.

"Kwa nini vyote bapa?"

"Ili viwe sawa."

Akauliza bila kejeli, kama daktari, "Unaposimama umepanua miguu, mmoja mbele mmoja nyuma, nyayo zako zote mbili zinalala bapa?"

Nikapanua miguu palepale kumwonyesha. Kisigino cha nyuma kikainuka chenyewe. Vidole vya mbele navyo vilitaka kuinuka. Nilisimama nimeduwaa, mtu mzima, katikati ya karakana, nikitazama miguu yangu ikinisuta. Mwili wangu ulikuwa unazijua zile kabari muda wote. Mimi ndiye niliyezitupa.

Shifu akaniambia nivae buti nisimame juu ya ubao mezani. Ilikuwa meza pana, fupi, iliyofungwa sakafuni. Akaweka pima maji kiunoni mwangu, mfupa kwa mfupa. Tone la hewa likakimbilia upande mmoja, likakwama huko. Akaninyoosha. Likarudi kulekule. Akanitazama usoni.

"Vua buti ya kulia."

Nilijua anachotafuta. Watu walikuwa wengi mle ndani, wanasubiri mbao zao, na mume wangu alikuwa mlangoni ameshika chupa yangu ya maji. Nikasema buti iko sawa. Shifu akasema tena, kwa sauti ileile, vua. Wallahi nilitaka kushuka, nichukue ubao wangu, niende zangu nikaburuze mara ya mwisho kama nilivyozoea, na kwaheri China. Nilishaweka mkono kwenye bega la shifu ili nishuke. Kilichonizuia si ujasiri. Ilikuwa ile tiketi ya Alhamisi. Nikavua.

Alitoa soksi nene ya ndani ya buti, akaingiza mkono, akaitoa soli yangu. Ilikuwa nzuri, ngozi ya ndani imeshaiva kwa jasho, ya nne au ya tano ya maisha yangu. Aliigeuzageuza, akaisogeza kwenye mwanga, na nilitegemea uso wake ubadilike. Ulibadilika kweli, ila si kwa huruma. Aliikagua kama ninavyokagua mimi.

"Kazi safi," akasema. "Lakini hapa si mahali pake. Inakuinua kisigino ndani ya buti, buti haikushiki. Ndiyo maana mguu unachelewa." Akapima kwa rula mguu mmoja, akapima wa pili. "Huu ni mfupi. Milimita kumi na nane."

Alilisema neno lenyewe, duan, fupi, kama anavyosema mtu akipima ubao wa rafu. Hakuna aliyegeuka. Mtu mmoja alikuwa anapiga chafya. Mimi masikio yalikuwa yanawaka moto.

Kisha akaanza kazi, na hapo niliisahau aibu kwa sababu ya kustaajabu. Akavuta droo iliyojaa kabari za plastiki, zimepangwa kwa unene. Kwanza akaweka bamba bapa chini ya kifungio cha nyuma, milimita tisa. Nikamuuliza mbona tisa, si kumi na nane? Akasema mwili wangu umezoea miaka mingi kujipanga kwa upungufu ule, ukirudishiwa wote kwa siku moja utakataa. Tuupe nusu, akasema, nusu nyingine mwili utaitafuta wenyewe. Juu ya bamba akaweka kabari ya kuinua kisigino. Mbele akaweka nyembamba ya kuinua vidole. Akabadilisha skrubu zote kwa ndefu zaidi, akinionyesha kila moja ilivyoshika, maana skrubu fupi chini ya kabari ni kifo, hayo ni maneno yake. Akanipandisha tena mezani.

"Kunja magoti kidogo. Kidogo. Kaa hapo."

Akachukua timazi, uzi wenye risasi nchani, akaushika katikati ya goti langu la kulia. Risasi ikaning'inia, ikatulia, na ilikuwa imeangukia ndani ya kidole gumba, karibu inchi nzima mbali na mahali ilipotakiwa. Nikaona kwa macho yangu kwa nini goti lilikuwa linavimba. Akaniteremsha, akalegeza skrubu, akapenyeza upande wa ndani kabari moja ya mwisho, nyembamba kiasi kwamba nilidhani ni kipande cha kadi ya simu, akakaza. Nikapanda. Akashika uzi. Risasi ikabembea mara mbili, ikasimama juu ya kidole cha pili cha mguu, penyewe.

Nilihisi kabla ya kuona. Kitu kilichokuwa kimekaza ndani ya nyonga yangu tangu utotoni, nilichokuwa nadhani ndiyo nyonga yenyewe, kililegea. Akaweka pima maji kiunoni. Lile tone la hewa likajongea polepole kuelekea katikati, halikufika kabisa, lakini lilikaribia, na mimi na shifu tulilitazama pamoja. Nilikuwa na miaka arobaini na minne. Kwa muda wote huo nilihangaika kuufanya mguu uonekane kama mwenzake. Haikunipitikia hata siku moja kwamba mguu unaweza kuachwa ulivyo, na kinachorekebishwa kikawa ni kile unachokikanyaga.

Akaitia soli yangu kwenye mfuko wa plastiki, akampa mume wangu. "Huko mlimani haitakiwi," akamwambia.

Kutoka karakana mpaka kwenye lifti ya viti ni mwendo wa kama dakika tatu, na niliutembea kwa buti ngumu bila soli. Hakukuwa na namna ya kuficha. Kila hatua ya kulia bega lilishuka, la kushoto likapanda, ubao kwapani ukapiga paja. Watu walipishana nami. Mume wangu aliambaa na uzio upande wangu wa kulia. Kwenye geti la lifti kijana wa zamu akanyoosha mkono kunizuia.

"Umeumia? Aliyeumia haruhusiwi kupanda."

Nyuma yangu foleni ilikuwa imeanza. Ningeweza kusema buti inanibana. Uongo huo ulikuwa tayari mdomoni, nilikuwa na uongo wa kila aina, wa kila msimu. Nikasema kwa Kichina, kwa lile neno nililolisikia muda mfupi uliopita, "Sijaumia. Mguu huu ni mfupi."

Akatazama mguu. Akasema "O," akafungua geti.

Juu kabisa nilifunga buti, nikasubiri njia iwe tupu. Nilisoma dua niliyoizoea kabla ya safari. Nikaelekeza ubao chini, nikauacha uende, kasi ikaja, nikaulaza kulia.

Ulishika. Nilitegemea ile kelele ya kukwangua na haikuja. Kulikuwa na ukimya, na ndani ya ukimya huo uzito, uzito wangu mwenyewe ukinikandamiza chini kana kwamba nimekuwa watu wawili, na mapaja yote mawili yameubeba sawa. Ubao ukajipinda, ukanizungusha, ukanirudisha juu. Ilibidi nibadilishe upande, ule wa visigino, na nikasema ya Allah, nikalala kushoto.

Mguu wa nyuma haukuchelewa. Goti lilikaa juu ya buti, kisigino kimejaa, mkia ukafuata pale pale ncha ya mbele ilipopita. Nilishuka chini zaidi, nikaiona theluji inapita karibu na bega langu, punje kwa punje, ikimetameta chini ya taa. Sikuisikia dunia. Ubao uliniinua tena na nikaanza kulia machozi, nikalala kulia, nikalala kushoto, kulia, kushoto, mpaka mlima ukaniishia.

Nilisimama chini nikageuka kutazama. Mstari wangu ulikuwa pale juu, umejipinda huku na huku, mwembamba, mzima, haukukatika hata mahali pamoja. Nilitamani kuchuchumaa niukague lakini buti ngumu hazikuniruhusu.

Mume wangu alikuwa ameegemea uzio. Mtu anayejua kusema mpaka majirani wa Tianxiu humkimbia, alifuta macho kwa mkono ulioshika ule mfuko wa plastiki.

"Mguu mfupi huo," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka ishirini. "Mashallah. Mguu mfupi huo."

Nikamwambia aninyweshe maji haraka, kadi yangu ya lifti bado ina dakika arobaini.